Je, wajua kwa nini kisima huingia chumvi shamba la jirani likijengwa?

Mkulima wa mboga huko Kisauni, Mombasa, hahitaji kipimo ajue maji ya kisima yameharibika. Ncha za majani zinaungua, udongo unafanya ukoko mweupe, na chai ya asubuhi haina raha. Wengi husingizia bahari kupanda. Inapanda kweli, ila polepole. Kisa kikubwa kiko huku huku juu, kwenye viwanja.

Chini ya mchanga na mawe ya matumbawe, maji ya mvua huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya ardhini, kwa sababu maji ya chumvi ni mazito zaidi. Tofauti ni ndogo, kama asilimia 2.5 tu, lakini ndiyo inayoleta hesabu ya ajabu: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takriban mita 40 nyingine chini yake. Basi yakipungua mita hiyo 1, chumvi nayo hupanda, baada ya muda, kama mita 40.

Hazina hiyo hujazwa na masika, hasa mwezi wa Mei, na kidogo na vuli. Penye minazi na mihogo, mchanga hunywa mvua papo hapo. Shamba likikatwa ploti, likapauliwa mabati na kutandikwa matofali ya kabro, mvua ile ile hukimbilia mtaroni, na mtaro ukiziba (na huziba) inaishia sebuleni kwa mtu. Wakati huohuo wakazi wapya wanachimba visima na kufunga pampu, maana maji ya bomba hutoka mbali, chemchemi za Mzima na visima vya Baricho, na hayatoshi. Kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 939,370 mwaka 2009. Mwaka 2019 walifika 1,208,333.

Kwa maoni yangu, shamba la pembezoni lingehesabiwa kama tangi la mji, si ardhi inayongoja mnunuzi. Mkulima aliyebaki ana la kufanya: kisima kisiende kina sana, maji yavutwe kidogo kidogo, ya paa yavunwe, matandazo yafunike matuta. Maharagwe hayawezi chumvi, mnazi huivumilia.

Changamwe na Mikindani, mitaa mingine ya Mombasa, ni habari nyingine. Udongo wa huko ni mfinyanzi, na mvua kubwa ilikuwa ikiteremka mbio hata kabla ya kabro, kwa hiyo kazi ya shamba pale ni kuipunguza kasi kwa makinga maji na miti.