Nani anaruhusiwa kunyamaza?

Kazi yangu ni kuhariri filamu, na kazi hii inampa mtu ugonjwa wa kuhesabu. Wenzangu wakitoka sinema wanabishana kama steringi alistahili kushinda. Mimi natoka na hesabu ya uso wa nani ulionyeshwa, mara ngapi, kwa sekunde ngapi. Hesabu hiyo imenifunza mengi kuhusu namna filamu zinavyochora makundi ya watu, kuliko mijadala inayouliza swali lilelile kila mwaka: wameonyeshwa vizuri au vibaya?

Swali hilo kwangu huja mwishoni. La kwanza ni hili: katika filamu hii, nani anaachiwa muda wa kunyamaza?

Filamu ya dakika 90 inaweza kuwa na wahusika 30. Haiwezekani wote wajulikane. Kwa hiyo mwandishi anashika njia ya mkato: msomi anavaa miwani, jambazi ana kovu shavuni, tajiri hamtazami usoni anayemfungulia mlango. Mtazamaji anaelewa ndani ya sekunde mbili na hadithi inaendelea. Neno la Kizungu, stereotaipu, lilizaliwa kwenye uchapaji: lilikuwa bamba la chuma, linamiminwa mara moja kisha linapiga chapa ileile maelfu ya mara. Mwandishi wa habari Mmarekani, Walter Lippmann, ndiye aliyelitumia mwaka 1922 kwa zile picha tulizobeba kichwani kuhusu watu tusiowajua. Mimi nasema taswira mgando, kwa sababu kinachogandishwa ni kitu kilichokuwa majimaji, na kingeweza kuchukua umbo lolote.

Sina ugomvi na njia ya mkato yenyewe. Dereva anayeonekana mara moja hana haja ya kusimuliwa utoto wake. Ila ukitazama filamu mia na watu wa kundi moja ndio madereva katika zote mia, hapo si mkato tena.

Sasa niingie chumba cha uhariri, maana ndiko ninakokujua.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwongozaji wa Urusi Lev Kuleshov alifanya jaribio ambalo kila mhariri hufundishwa. Alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mosjoukine, uso mkavu usiosema lolote, akaupanga pamoja na sahani ya supu, kisha jeneza, kisha mwanamke aliyejinyoosha kwenye kochi. Uso ni uleule, picha ni ileile. Inasimuliwa kuwa watazamaji walimsifu kwa uigizaji: hapa ana njaa, hapa ana majonzi, hapa anatamani. Darasani tunaambiwa somo lake ni kwamba maana huzaliwa pale picha moja inapokutana na nyingine. Sawa. Lakini mimi naona lipo somo jingine ndani yake: mtazamaji yuko tayari kumpa nafsi mtu yeyote, mradi aonyeshwe uso wake na kile anachokitazama. Maneno hayahitajiki. Mwachie huo uso sekunde tatu, mtazamaji atajaza mwenyewe.

Basi asiyeachiwa hizo sekunde hana nafsi, hata angeongea kutwa.

Chukua mazungumzo ya bosi na mtumishi wake. Kila wakati ni lazima nichague: nimwonyeshe anayeongea au anayesikiliza? Kwa mazoea, bosi akiongea tunamwona bosi. Mtumishi akiongea tunamwona mtumishi, kisha picha inakatwa mara tu mdomo wake unapofunga. Bosi akisikiliza, tunakaa naye. Tunaona neno likimwingia, likimchoma, likimgeuza. Mtumishi akisikiliza, hayupo. Hakuna aliyeandika kwenye muswada kwamba mtumishi hana akili. Kila mstari wake unaweza kuwa wa heshima kabisa. Mkono wa mhariri ndio umemgandisha, na mara nyingi bila yeye mwenyewe kujua. Nasema hivyo nikijihesabu.

Hattie McDaniel alilijua jambo hili vizuri, ingawa alikuwa mbele ya kamera. Mwaka 1940 alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kushinda Oscar, kwa kuigiza mtumishi wa nyumbani ambaye kwenye hadithi hana hata jina lake. Anaitwa Mammy tu, kama mtu anavyoitwa Yaya. Usiku wa tuzo aliketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake, maana ukumbi ule ulikuwa na ubaguzi wa rangi. Ikapita miaka 51 kabla ya mwanamke Mweusi mwingine, Whoopi Goldberg, kushinda Oscar ya uigizaji. Ukimtazama McDaniel leo utaona anavyogombania kila sekunde: nyusi, jicho la pembeni, pumzi inayotoka baada ya neno kuisha. Hizo pumzi ni vigumu kuzikata. Najua, kwa sababu wapo waigizaji wa nafasi ndogo wanaonifanyia hivyohivyo, na nawashukuru.

Kuna ugandishaji wa kundi zima pia. Mtafiti Jack Shaheen alichapisha mwaka 2001 kitabu kilichopitia filamu zaidi ya 900 za Hollywood zenye Waarabu, akakuta sehemu kubwa sana zinawaonyesha vibaya: magaidi, masultani wenye tamaa, umati wenye hasira. Huo umati ndio unaonishughulisha mimi. Kundi linalopigwa picha kwa mbali tu linakuwa kama mvua au vumbi, hali ya hewa ambayo steringi lazima apite katikati yake. Na akitokea mmoja akasogezwa karibu na kufungua mdomo, chini ya skrini unasoma: anazungumza lugha ya kigeni. Mtu analia, pengine anaita mwanawe, na tafsiri hakuna! Nikiona maandishi yale nasimamisha filamu, naenda zangu kunywa maji.

Wengi hudhani dawa ni kuwafanya wahusika wa kundi lililoonewa wawe wema. Sidney Poitier alikuwa Mweusi wa kwanza kushinda Oscar ya mwigizaji bora wa kiume, mwaka 1964, akapata umaarufu mkubwa. Lakini wakosoaji, wakiwamo wa rangi yake, walilalamika kwamba wengi wa wahusika aliopewa walikuwa safi mno: wana akili, wana subira, hawana tamaa wala hasira za watu wa kawaida. Bamba la chuma ni lilelile, limepakwa dhahabu. Mtu aliyekatazwa kukosea yuko hapo kwa ajili ya wengine, si kwa ajili yake.

Kile kipimo maarufu cha Alison Bechdel, kilichotokea kwenye katuni zake mwaka 1985, nakiheshimu kwa ukali wake: je, wamo wanawake wawili, wanaongea wao kwa wao, kuhusu jambo lisilo mwanamume? Inasikitisha ni filamu ngapi zinafeli. Lakini kinapima maneno, na nusu dakika ya porojo inatosha kufaulu.

Ukitaka kuona kazi hii ikigeuzwa chini juu, mtazame Ousmane Sembène wa Senegali. Filamu yake ya mwaka 1966 inamfuata Diouana, msichana anayekwenda Ufaransa kufanya kazi za ndani. Mbele ya waajiri hasemi mengi zaidi ya ndiyo, madamu. Lakini kamera inabaki naye akiosha, akipika, akikaa kitandani, na sisi tunasikia mawazo yake, kwa sauti iliyoingizwa na mwigizaji mwingine, Toto Bissainthe wa Haiti. Waajiri ndio wanaoongea bila kukoma, na kadiri wanavyoongea ndivyo wanavyoganda. Mtumishi ana nafsi; mabwana ndio wamekuwa taswira mgando.

Kuna filamu moja niliyohariri iliyokuwa na mfanyakazi wa ndani katika matukio 11. Siku moja nikahesabu, kwa ule ugonjwa wangu, nikakuta hakuna hata mara moja tuliyomwona akiwa peke yake. Nikarudi kwenye picha tulizozitupa. Nikapata mahali ambapo, baada ya kuambiwa atoe vyombo, mwigizaji alisimama mlangoni na sinia mkononi akingoja mwongozaji aseme kata. Hakuwa hata anaigiza. Nikaiweka: sekunde nne.

Mwongozaji alipoiona akanitaka niirudie. Akaitazama tena, akaniuliza: "Hapo anawaza nini?"

Nikamwambia sijui.

Akakaa kidogo, akasema tuendelee na tukio linalofuata. Zile sekunde nne hakuzitaja tena, na zimo.