Kimya ndicho idhini: tunavyokosea kuhusu Bunge la Marekani na silaha za vita

Tarehe 30 Julai 2025, Gaza ikiwa imebanwa na njaa, Baraza la Seneti la Marekani lilipiga kura mbili kuhusu silaha za kupelekwa Israel. Kesho yake barazani, Mji wa Kale hapa Mombasa, ami mmoja alitusomea habari kwenye simu yake, kisha akailaza simu kifudifudi juu ya mkeka. "Wameidhinisha tena," akasema. Kahawa yake ilipoa bila kuguswa.

Hasira yake ni hasira yangu. Lakini nimeyafuatilia mambo haya tangu vita vya Yemen vilipopamba moto mwaka 2015, maana upande mmoja wa ukoo wetu ni Washihiri na Hadhramaut kwetu si jina la kwenye ramani tu, na neno lile "wameidhinisha" silo. Sisemi hivyo kwa kuchagua maneno. Ukibisha mlango usio, hata ukibisha mpaka kuche hutafunguliwa, na wenye nyumba ndani watalala usingizi mzuri.

"Bunge la Marekani ndilo linaloidhinisha kila mauzo ya silaha"

Sivyo. Kwa sheria ya mwaka 1976 inayosimamia uuzaji wa silaha nje, mwenye kuamua ni serikali. Wizara ya Mambo ya Nje hukubali au hukataa, na pale mauzo yanapokuwa baina ya serikali na serikali, Wizara ya Ulinzi ndiyo huiendesha biashara yenyewe. Bunge hupewa taarifa. Kwa nchi nyingi, taarifa hiyo ni lazima thamani ikifika dola milioni 14 kwa silaha kubwa kubwa, au milioni 50 kwa zana na huduma nyingine. Ikishapelekwa, zinahesabiwa siku 30. Kwa wanachama wa NATO na marafiki wachache, Israel wakiwamo, ni siku 15. Siku zikiisha na Bunge halijapitisha azimio la kupinga, mzigo unaendelea na safari.

Kwetu pwani mwari huulizwa kabla ya kuozwa, na akinyamaza, kimya chake huhesabiwa ridhaa. Sheria hii ya Marekani imejengwa vivyo hivyo, ila mwari huulizwa mbele ya mashahidi na mtaa mzima hujua kuwa ameulizwa. Huku wabunge na maseneta 535 wananyamaza pasipo shahidi. Hakuna orodha ya majina, hakuna aliyeinua mkono. Mbunge akirudi jimboni na kuwaambia watu wake "mimi sikupiga kura kupeleka mabomu yale", huenda anasema kweli tupu. Hakupiga, kwa sababu hakuna aliyempigisha.

Ndiyo maana kura za Julai zilikuwa kura za kuzuia. Azimio la kuzuia bunduki lilipata 27 dhidi ya 70, na la kuzuia mabomu ya zaidi ya dola milioni 675 likapata 24 dhidi ya 73. Yasingefika ukumbini kama si Bernie Sanders, seneta wa Vermont, kuyalazimisha. Sheria inampa seneta yeyote njia ya kulitoa azimio la namna hiyo kamatini hata kama kamati imelikalia. Katika Baraza la Wawakilishi njia hiyo haipo, na huko kimya ni kirefu zaidi.

Na hayo ni mauzo makubwa tu. Yaliyo chini ya viwango vile hayatangazwi. Machi 2024, gazeti la Washington Post liliripoti kwamba tangu vita vya Gaza vilipoanza Marekani ilikuwa imeipelekea Israel mauzo zaidi ya 100, na yaliyowekwa hadharani yalikuwa mawili. Hata hayo mawili, ya Desemba 2023, yalipitishwa kwa kutangaza dharura, na dharura ikitangazwa zile siku za kungoja zinafutwa.

"Basi Bunge likikataa, mambo yamekwisha"

Tangu sheria hiyo itungwe, hakuna hata mara moja azimio la kupinga lililofanikiwa kuzuia mauzo hadi mwisho. Azimio lenyewe linapelekwa kwa rais yule yule anayetaka kuuza, naye ana kura ya turufu. Kuishinda turufu hiyo kunahitaji theluthi mbili katika mabaraza yote mawili. Haikuwa hivi tangu mwanzo. Zamani mabaraza mawili yakikubaliana kukataa, rais hakuwa na la kufanya. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu iliamua katika kesi nyingine, isiyohusu silaha, kwamba kura za namna hiyo zinakiuka katiba, na nguvu ya Bunge ikapungua kwa siku moja. Mwaka 1986 Bunge liliyakataa makombora ya kuuziwa Saudi Arabia. Reagan akapiga turufu, na Seneti ilipojaribu kuishinda ilipata kura 66 ilhali zilitakiwa 67. Imepungua moja tu, na sijui mfano mwingine ambako walikaribia kiasi hicho.

Yemen ndipo jambo hili lilipoonekana kwa uchungu zaidi. Tarehe 9 Agosti 2018, watoto waliokuwa kwenye ziara ya masomo ya kiangazi walisimama na basi lao sokoni Dahyan, mkoa wa Saada. Mmoja wao alikuwa akirekodi kwa simu, na video ilipatikana baadaye: wavulana wamebanana vitini, wanapiga kelele za furaha, wanasukumana. Ndege ya muungano ulioongozwa na Saudi Arabia ikalipiga basi. Shirika la Msalaba Mwekundu lilihesabu vifo 51, na 40 kati ya hao walikuwa watoto. Kwenye vumbi vilibaki vibegi vya bluu vya UNICEF, na kipande cha chuma chenye namba za kiwandani. Wataalamu wa silaha waliozisoma namba hizo waliiambia CNN kuwa lilikuwa bomu la kuongozwa lenye uzito wa pauni 500, aina ya MK 82, kazi ya Lockheed Martin, kampuni ya Marekani.

Mwezi Juni 2017, miezi 14 kabla ya basi lile, kulikuwa na azimio Seneti la kuzuia mauzo ya vifaa vya kuongozea mabomu ya aina hiyo. Lilishindwa kwa kura 47 dhidi ya 53. Nilipoyaweka mambo hayo mawili pamoja kwa mara ya kwanza, ilinibidi niache kusoma.

Baada ya Dahyan, na baada ya mwandishi Jamal Khashoggi kuuawa ndani ya ubalozi mdogo wa Saudi Arabia mjini Istanbul Oktoba mwaka huo huo, Bunge lilianza kuamka. Mei 2019 serikali ya Trump ikatangaza dharura ili kupitisha mafungu 22 ya silaha, yenye thamani ya dola bilioni 8.1 hivi, kwa Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Jordan. Seneti na Baraza la Wawakilishi wakapitisha maazimio ya kupinga. Trump akapiga turufu tatu kwa mpigo Julai 24, na siku tano baadaye Seneti ikashindwa kufikia theluthi mbili. Silaha zikaenda.

Kwa hiyo anayesema "Bunge liliidhinisha mabomu ya Yemen" anamsahau rais, na anayesema "ni rais tu" anawasahau waliokaa kimya miaka minne ya kwanza, wakati kimya kilikuwa rahisi.

"Ni msaada wote huo" au "wananunua kwa pesa zao"

Inategemea ni nani. Saudi Arabia hulipa mwenyewe. Israel hupewa: kwa makubaliano yaliyotiwa saini mwaka 2016, Marekani iliahidi dola bilioni 38 kwa miaka kumi, yaani bilioni 3.8 kila mwaka, na sehemu kubwa lazima itumike kununua silaha za Marekani. Fedha nyingi hazivuki bahari hata kidogo. Zinatoka hazina na kuingia viwandani huko huko.

Hapa sasa ndipo Bunge linapopiga kura kweli, maana hakuna fedha inayotoka hazina bila sheria ya matumizi. Aprili 2024 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa nyongeza kwa Israel, wa dola bilioni 26 hivi, misaada ya kibinadamu ikiwamo, kwa kura 366 dhidi ya 58. Seneti ikapitisha fungu zima, lililokuwa pia na fedha za Ukraine, kwa 79 dhidi ya 18. Kwa kura hizo neno "wameidhinisha" linakaa mahali pake, na majina yote yameandikwa.

Kuhusu zile takwimu za kutisha za sherehe za kutiliana saini, zipunguzeni. Dola bilioni 110 zilizotangazwa Riyadh, mji mkuu wa Saudi Arabia, Mei 2017 kwa sehemu kubwa zilikuwa nia tu, wala mikataba yenyewe haikuwa imefungwa. Silaha iliyotangazwa leo inaweza kuchukua miaka kufika.

"Wasipouza wao, watauza Warusi au Wachina"

Hoja hii hupendwa na wauzaji, na husikika hata kwa watu wema. Ingekuwa kweli kama silaha zingekuwa magunia ya mchele, ukikosa duka hili unavuka barabara. Jeshi la anga la Saudi Arabia limejengwa kwa ndege za F-15 za Marekani na za Typhoon na Tornado kutoka Uingereza. F-15 haivai kipuri cha Sukhoi, ndege ya Kirusi. Inataka vipuri vyake, programu zake, mabomu yanayoshika chini ya mbawa zake, na mafundi waliofunzwa juu yake. Kubadilisha yote hayo ni kazi ya miaka mingi, na vita haviwezi kungoja. Hadi Novemba 2018 ndege za Marekani ndizo zilizokuwa zikiongeza mafuta hewani kwa ndege za muungano zilizokwenda kupiga Yemen. Muuzaji wa namna hiyo ana neno la kusema kila siku, hata baada ya fedha kupokelewa.

Imewahi kufanyika. Mwaka 1982 Reagan alisitisha mabomu ya mtawanyiko kwa Israel kwa sababu ya yaliyotokea Lebanon. Desemba 2016, baada ya ndege kupiga ukumbi wa matanga mjini Sanaa na kuua watu wapatao 140, Obama alisimamisha vifaa vya kuongozea mabomu vya Saudi Arabia. Mwaka uliofuata rais mpya akavirudisha.

Sheria za kuzuia pia zipo. Ile inayoitwa kwa jina la Seneta Leahy inakataza msaada kwa kikosi cha kigeni chenye ushahidi wa kuaminika wa ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Nyingine inakataza msaada kwa nchi inayozuia misaada ya kibinadamu ya Marekani isipite. Zimeandikwa kwa lugha iliyo wazi. Anayetakiwa kuzitekeleza ni yule yule anayeuza, na hapo ndipo zinapolala.

"Hasira za watu hazibadilishi kitu"

Tazameni hesabu. Septemba 2016, azimio la kuzuia vifaru kwa Saudi Arabia lilipata maseneta 27. Mwaka uliofuata, azimio la vifaa vya mabomu likapata 47. Juni 2019 waliopinga walikuwa 53, wengi wa Seneti. Hao 26 wa ziada hawakuota usiku mmoja. Walipigiwa simu na wapiga kura, waliandamwa mikutanoni, walioneshwa picha za Dahyan. Kuongeza mafuta hewani kulikoma. Februari 2021 Biden akatangaza mwisho wa msaada kwa mashambulizi ya Yemen. Desemba mwaka huo huo jaribio la kuzuia makombora mengine kwa Saudi Arabia lilipata kura 30 tu, maana hasira ilikuwa imetulia, na Bunge likatulia nayo.

Kwa Gaza, maazimio ya Novemba 2024 hayakuvuka kura 19. Julai 2025 yalifika 27, zaidi ya nusu ya maseneta wa upande wa Democratic. Ami yangu aliziona 70. Mimi naziona 27, na nakumbuka kwamba Yemen pia ilianzia 27.

Wapo ambao hawakungoja kura. Mei 2019, wapakizi wa bandari ya Genoa, Italia, waligoma kupakia jenereta kwenye meli ya Saudi Arabia, Bahri Yanbu, wakiamini ni za vita vya Yemen. Meli iliondoka bila jenereta hizo. Wapakizi wa Durban, Afrika Kusini, nao, Aprili 2008, walikataa kushusha silaha za Kichina zilizokuwa zikienda Zimbabwe.

"Haya ni ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini?"

Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa hadi mwisho wa 2021 vita vya Yemen vilikuwa vimesababisha vifo 377,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Kuna nyumba hapa Mombasa, Lamu na Unguja zilizosoma hitima kwa ajili ya watu wa hesabu hiyo.

Kuna na lingine. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli MV Faina ikielekea kwetu, na dunia ikashtuka kusikia ndani yake mna vifaru 33 vya T-72. Serikali ya Kenya ilisema ni vyake. Nyaraka za ubalozi wa Marekani zilizovuja baadaye zilionesha vilikuwa safarini kwenda Sudan Kusini. Meli iliachiliwa kwa fidia, na Februari 2009 ikatia nanga Mombasa. Vifaru vikateremshwa Kilindini mchana kweupe, mbele ya kamera. Kenya hiyo hiyo ilikuwa miongoni mwa nchi saba zilizoanzisha, ndani ya Umoja wa Mataifa, safari ya kuelekea Mkataba wa Biashara ya Silaha, ambao ulipitishwa 2013. Wakati vifaru vile vinashuka, Wakenya waliokuwa wakiuliza Bunge lao lilijua nini, na lilijua lini, walikuwa wachache mno.