Orodha ya Wavuvi: Sheria Inavyopima Manufaa na Hatari za Data Binafsi

Mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Kenya ilipoamuru wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76 kwa hasara iliyotokana na ujenzi wa bandari, lilizuka suala la kumbukumbu: nani hasa ni mvuvi, huvua wapi na kwa chombo gani? Pasipo majina, nambari za vitambulisho na uthibitisho wa kamati za ufuo, mvuvi halisi wa Kizingitini hatofautishwi na mtu aliyejitokeza siku ya kuandikishwa tu. Kwa hiyo anayetaka data zisikusanywe kabisa humnyima mnyonge njia ya kudai haki yake.

Hata hivyo, orodha ya namna hiyo, ikibandikwa ukutani pamoja na nambari kamili za vitambulisho na simu, kisha ikapigwa picha na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp, humfikia pia tapeli, naye akajua nani anangojea pesa na ampigie kwa nambari ipi. Visiwani, ambako jina la mtu hufuatwa na la baba na la babu, mara nyingi jina pekee hutosha kuijua nyumba yake.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, inayotekeleza haki ya faragha iliyomo katika Kifungu cha 31 cha Katiba, hairuhusu kila kitu wala haikatazi kila kitu. Inataka data zikusanywe kwa lengo lililo wazi, kwa kiasi kinachohitajika tu, na zisigeuziwe matumizi yasiyopatana na lengo hilo. Ubaoni, tarakimu chache za mwisho za kitambulisho zinatosha. Nambari nzima ibaki ofisini. Majina ya watoto na hali ya ndoa ni data nyeti kisheria, na sioni fomu ya kugawa nyavu inayahitajia nini.

Wengi hudhani saini ya ridhaa humaliza mambo. Kwa maoni yangu, ridhaa hutegemewa kupita kiasi. Anayeambiwa atie saini la sivyo akose malipo hakuachiwa hiari, na ni juu ya mkusanyaji kuthibitisha kwamba ridhaa ilipatikana. Ofisi inayotimiza wajibu wa kisheria ina msingi mwingine halali, na ni uungwana kuutaja huo waziwazi.

Kwa mradi wenye hatari kubwa, tathmini ya athari, yaani kupima mapema jinsi data zinavyoweza kuwadhuru watu, hutangulia. Ni kwa kukosa tathmini hiyo Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha utoaji wa kadi za Huduma, vitambulisho vya kidijitali vya serikali. Data zikivuja na kuhatarisha watu, Kamishna wa Ulinzi wa Data aarifiwe ndani ya saa 72. Mvuvi aliyedhurika naye anaweza kulalamika kwa Kamishna kwa maandishi au hata kwa mdomo, na lalamiko lake linapaswa kuchunguzwa na kukamilishwa ndani ya siku 90.