Kutua Bukoba, Juni 1915: saa ambayo kikosi kiko nusu majini

Vijana wanaonijia hapa Mwanza kuuliza habari za vita vya Ziwa Victoria, vile vya Waingereza na Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, huanza na risasi: zilinyesha kiasi gani pale ufukweni? Mimi niliyekuwa afisa wa askari wa miguu huwarudisha nyuma kidogo. Kinachomnyima kamanda usingizi ni ile saa ambayo nusu ya watu wake wangali kwenye matishari na nusu wameshakanyaga nchi kavu. Walioko majini hawawezi kulenga. Walioko nchi kavu wana risasi walizobeba tu, na nyuma yao ni maji. Adui akiwakuta hapo wamekwisha.

Ndiyo maana Bukoba inafaa kusomwa kwa makini. Tarehe 20 Juni 1915 Waingereza, chini ya Brigedia Jenerali Stewart, waling'oa nanga Kisumu kwa meli za ziwani, Winifred ikiwamo. Walikuwa wanaufuata mnara wa simu ya upepo (mawasiliano ya redio) wa Wajerumani. Nia ilikuwa kutua gizani, lakini walinzi wa kisiwani Busira waliziona meli wakarusha fataki za tahadhari. Siri ikavuja.

Stewart hakung'ang'ania mpango uliokwisha kufa, na kwa hilo namheshimu. Alizirudisha meli mbali na macho ya nchi kavu, kisha tarehe 22 akawateremsha watu kaskazini ya mji, chini ya genge refu, yaani mwamba uliosimama kama ukuta. Mlinzi wa ufukwe huweka bunduki zake penye mchanga na njia ya kupandia. Genge huliacha lijilinde lenyewe. Kwa hiyo ugumu wa ardhi ukawa kinga ya wanaoshambulia. Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers kilipanda, na humo alikuwamo mwindaji mashuhuri Frederick Selous, mwenye miaka 63!

Aliyewahi kushuka kwenye chombo akiwa na zana kamili anajua kupanda kule maana yake nini. Maji yanafika mapajani, bunduki iko juu ya kichwa, buti zimejaa na kila hatua inanyonywa na tope. Ukifika kwenye mwamba nguo zimekuwa nzito, mkono mmoja umeshika silaha, mwingine unatafuta mzizi. Nyuma yako kuna mwenzako aliyebeba sehemu ya bunduki ya rashasha. Akiteleza, platuni nzima, kikundi kidogo cha askari, inasimama. Afisa hapigi kelele hapo. Anahesabu watu wake.

Juu walikuta vilima, migomba na mabwawa, wakapigana hadi siku ya pili. Tarehe 23 mji ulianguka, mnara ukabomolewa, na askari wakapora nyumba. Kikosi kinachopora hakina ulinzi, nacho kilikuwa bado hakijapanda meli kurudi. Lile lilikuwa kosa la makamanda.

Mwaka uliofuata ikawa zamu yetu hapa Mwanza. Brigedia Jenerali Crewe wa Waingereza alichukua kisiwa cha Ukerewe kwanza, Juni 1916, kisha Julai akateremsha watu mashariki ya Mwanza ili waujie mji kwa nchi kavu. Kutua kulikwenda vizuri na tarehe 14 Julai mji ukawa wao. Lakini njia ya kusini, ndani ya Ghuba ya Mwanza, haikuzibwa mapema: Wajerumani walipanda meli zao wakateremka nayo, wakashukia mwisho wa ghuba na kushika njia ya Tabora wakiwa na silaha zao.