Kanga ya kale husomwa kuanzia ukingoni

Watu wakiniletea kanga iliyotoka kwenye sanduku la bibi, karibu wote huanza na jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake. Lakini msemo unaopendwa huchapwa tena na tena, miaka mingi baadaye, kwa rangi nyingine na kiwanda kingine. Peke yake hausemi kanga ni ya lini. Ndiyo maana mimi naanza ukingoni.

Usiifue wala kuipiga pasi. Itandaze penye mwanga wa mchana, utafute maandishi madogo kwenye pindo. Ukikuta "K.H.E. – Mali ya Abdulla", hilo ni duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza mwaka 1887. Alama hiyo inamtaja mfanyabiashara aliyeagiza, haimtaji mchapaji. Nakshi zilifuata matakwa ya wanawake wa pwani, ila kwa miongo mingi mashine zilizozichapa zilikuwa Ulaya, Uholanzi hasa, na baadaye Japani na India. Chapa ya Urafiki nayo inakupa mpaka ulio wazi: kiwanda hicho cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa mwaka 1968.

Kisha tazama maungio ya nakshi. Mhuri wa mkono huacha nafasi hapa, hupandana kidogo pale. Mashine haifanyi hivyo. Jina likiwa kwa herufi za Kiarabu, unaelekea mwanzoni mwa karne ya 20. Kanga za awali kabisa hazikuwa na jina lolote.

Kuna sehemu ya historia hii ambayo familia nyingi huipita kimya. Unguja ya karne ya 19, watumwa walivaa merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli za Salem, Massachusetts, au kaniki iliyochovywa nili. Utumwa ulipofutwa kisheria mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa waliziacha nguo hizo wakajifunga kanga za rangi. Kwa baadhi yao hiyo ilikuwa nguo ya kwanza kuichagua wenyewe, kwa pesa yao, na kutoka nayo barabarani mchana kweupe. Huwa naumia nikiona kanga ya kale ikichanwa kuwa tambara la kudekia kabla mtu hajauliza ilikuwa ya nani.

Alama za mvaaji nazo zisomwe. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoungana. Mnunuzi ndiye anayekata na kupinda. Doti ambayo haijakatwa pengine ilikuwa zawadi iliyowekwa akiba. Upindo wa sindano ya mkono si sawa na wa cherehani, na kila kiraka kinaonyesha mahali nguo ilipofanya kazi zaidi: kiunoni, au mgongoni ilipobeba mtoto. Ukiwa na kipande kimoja tu, uliza pacha wake yuko wapi. Marafiki wa kike na ndugu waligawana doti, na mara nyingi kipande cha pili hukufikisha kwa shangazi au jirani anayejua habari usizozisikia nyumbani kwenu.

Ukimaliza, usiitie kwenye mfuko wa nailoni, maana unyevu utaiozesha. Ifunge kwa kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa, na uikunje mahali papya, kwa sababu nyuzi huanza kukatika pale mkunjo wa zamani ulipokaa.