Dogo si kidogo

Mwezi huu nimesikia mara ya tatu mhariri wa Wikipedia akiita "dogo" badiliko lisilo dogo, na safari hii ni kwenye baraza ya nyumbani kwangu, kwa hiyo sina pa kukimbilia. Kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Lamu, ambaye kila baada ya alasiri huhariri makala za Wikipedia kwa simu, alinionyesha kazi yake. Kwenye makala inayogusia Vita vya Shela alikuwa ametoa 1812 akaweka 1813, akaweka alama ya badiliko dogo, akahifadhi. Nikamuuliza, dogo vipi? Akanijibu bila wasiwasi wowote: "Ami, nimebadili tarakimu moja tu."

Haya. Badiliko dogo ni lile ambalo hakuna mhariri mwenzako atakayeona haja ya kulikagua wala kulibishia: herufi iliyoruka, nukta iliyosahauliwa, nafasi mbili palipotakiwa moja, neno lililokolezwa wino bila sababu. Ukitia alama kwenye kile kisanduku kabla ya kuhifadhi, badiliko lako hupewa herufi yake ya pekee kwenye orodha ya mabadiliko ya karibuni, na wahariri waliochagua kuficha mabadiliko madogo hawalioni. Wasiojisajili hawapewi kisanduku hicho, maana ni rahisi mno kupitishia uharibifu hapo. Maelezo ni hayo, hayana mengi.

Kinachoniudhi ni hilo neno "dogo", na jinsi watu wanavyolisoma kana kwamba limeandikwa "kidogo". Kidogo ni kipimo. Ukisema umebadili kidogo, unahesabu herufi. Lakini dogo kwetu halikai kwenye vipimo peke yake, hukaa pia kwenye vyeo. Mdogo wangu anayenifuata amenizidi kichwa kizima. Tukienda nyumbani kwa bibi yetu yeye huinama mlangoni, mimi napita wima. Bado ni mdogo wangu, na sharubu zake zote. Na wazee wakikaa kusuluhisha ugomvi wakasema "hili ni jambo dogo", hawakupima kelele zilizopigwa. Wanasema halina haja ya kufika kwa kadhi. Udogo wa badiliko dogo ni huo huo wa kadhi.

Sasa rudi kwenye 1812 na 1813. Kila mtoto wa Lamu anajua kwamba Shela ndiko watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa walikoshindwa, lakini kuhusu mwaka wenyewe vitabu havikubaliani: kimoja husema huu, kingine ule. Kwa hiyo aliyebadili tarakimu ile amechagua upande kwenye mjadala ulio wazi, kisha akawaambia wenzake wasije kutazama. Kwenye historia ya makala, pale panapoonyeshwa ukubwa wa badiliko, pameandikwa sifuri, maana tarakimu moja imetoka na moja imeingia. Sifuri hiyo ndiyo inayowadanganya wengi.

Nami ilinidanganya zamani, sitaficha. Nilikuta ubeti wa zamani umenukuliwa, ndani yake neno "mui". Nikaona kosa la chapa, nikaweka "mji". Herufi moja kwa moja, mizani haikuguswa, kina hakikuguswa, nikatia alama ya udogo nikaenda zangu. Na mimi ni mtu wa hapa hapa! Kiamu, lahaja yetu ya Lamu, kinasema mui kwa mji, yua kwa jua, mato kwa macho, ndia kwa njia, na mshairi aliandika kwa ulimi wake, hakuwa akisubiri nimsanifishie. Baada ya siku mbili mhariri mwingine alirudisha neno mahali pake, na kwenye muhtasari, pale mhariri anapoeleza alichobadili, akaandika neno moja tu: "Kiamu." Niliona haya.

Maneno mafupi ndiyo mabaya zaidi. Chukua "huenda". Ukisoma kuhusu magofu ya Takwa kule Manda, utakuta imeandikwa kwamba huenda watu walihama kwa sababu maji ya visima yaliingia chumvi. Futa "huenda" hiyo, na dhana imegeuka historia. Sitaki hata kuanza na "si".

Na kinyume chake kipo, ingawa hakinisumbui sana. Mtu akifuta makala nzima ya Malindi akaandika matusi, kuirudisha ilivyokuwa ni maelfu ya herufi, na ni badiliko dogo halali kabisa, kwa kuwa hakuna atakayekuja kutetea matusi. Zana ya kurudisha waliyopewa baadhi ya wahariri hata hujitilia alama hiyo yenyewe.

Kuna anayesema yote haya ni ukali wa bure, wiki, yaani tovuti inayohaririwa na wasomaji wake kama Wikipedia, ni kitu cha haraka. Kwa jina, ni kweli. Ward Cunningham alipoanzisha tovuti ya kwanza ya namna hii mwaka 1995 aliazima "wiki" kwenye lugha ya Hawaii, kutoka kwenye jina la mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu, na maana yake kwao ni haraka. (Haihusiani na wiki yetu ya siku saba, ingawa nimeshaulizwa kama Wikipedia hutoka kila Jumatatu.) Lakini haraka ile ni ya kuandika bila kuomba ruhusa ya mtu. Haikuwa ya kuandika bila kuonekana.

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama anaweza kwenda kuiondoa ile alama. Haiondoki; badiliko likishahifadhiwa, alama yake haishikiki tena. Nikamwambia mwaka wake huenda ndio sahihi, mimi sina ugomvi na 1813. Aingie tena kwenye makala, arekebishe nafasi mahali fulani, na kwenye muhtasari aeleze kwamba badiliko lililotangulia lilihusu mwaka na halikustahili kuitwa dogo. Kisha aende kwenye ukurasa wa majadiliano ataje kitabu alichokisoma.

"Na hii ya kurekebisha nafasi, ami, niitie alama?"

Hiyo itie, mwanangu. Ama, ngoja. Ukishaandika muhtasari huo, usiitie.