Mlimbikizo wa zebaki kwenye samaki: kwa nini papa si sawa na dagaa

Mlimbikizo wa metali ni hali inayotokea pale kiumbe anapoingiza metali mwilini haraka kuliko anavyoweza kuitoa. Kila mlo huacha kidogo, na kidogo hicho huongezeka kadiri umri unavyokwenda. Kwa walaji wa samaki wa baharini, metali ya kuangaliwa kwanza ni zebaki.

Zebaki hutoka kwenye volkano, kwenye makaa ya mawe yanayochomwa na, zaidi ya yote siku hizi, kwenye uchimbaji mdogo wa dhahabu. Mchimbaji wa Geita au Migori huchanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu, kisha huchoma donge linalopatikana. Mvuke hupanda, husafiri mbali na kurudi na mvua. Zebaki hiyo haijawa hatari kubwa kwa mla samaki mpaka ifike kwenye tope lisilo na hewa, ambako bakteria huigeuza kuwa methilizebaki. Zebaki ya majimaji ikimezwa, karibu yote hupita na kutoka. Methilizebaki ikiliwa, karibu yote hubaki, huingia kwenye damu na kufika hadi kwenye ubongo.

Viumbe vidogo sana vya majini huinasa, dagaa huvila, kibua humla dagaa, jodari humla kibua. Katika kila hatua kiasi hupanda, hata nyama ya samaki wa juu kabisa ikawa na zebaki mara milioni moja au zaidi ya maji anamoogelea. Umri nao unachangia: dagaa huishi muda mfupi, ilhali papa anaweza kuishi miongo kadhaa akikusanya tu.

Tufanye hesabu. Wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) na Shirika la Afya Duniani (WHO) wanapendekeza mtu asizidishe mikrogramu 1.6 za methilizebaki kwa kila kilo ya uzito wake kwa wiki. Mwanamke wa kilo 60 ana nafasi ya mikrogramu 96. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa kimataifa kwenye nyama ya papa ni miligramu 1.6 kwa kilo, kwa hiyo kipande cha gramu 100 chenye kiwango hicho kina mikrogramu 160 (miligramu moja ni mikrogramu 1,000). Mlo mmoja, tena wa samaki aliyepita ukaguzi, na wiki nzima imekwisha. Sardini, samaki wadogo wanaofanana na dagaa, waliopimwa Marekani walikuwa na wastani wa miligramu 0.013 tu kwa kilo. Ili afikie mikrogramu 96, mwanamke huyo angelazimika kula zaidi ya kilo saba.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema samaki wote ni sumu siku hizi. Hofu hiyo humwondolea mama dagaa, ambaye ana faida tele, huku mchuzi wa papa ukiendelea kupikwa bila swali. Na jikoni hakuna dawa. Methilizebaki imeshikamana na protini ya nyama yenyewe, hivyo ndimu, chumvi, kuchemsha au kuondoa mafuta havisaidii. Papa mkavu, kwa kuwa maji yamemtoka, ana zebaki nyingi zaidi kwa kila gramu.

Madhara yake yalionekana wazi Minamata, Japani. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga maji machafu yenye zebaki kwenye ghuba kuanzia 1932 hadi 1968. Paka waliokula samaki walianza kutetemeka na kurukaruka hadi kufa. Mwaka 1956 ugonjwa ulitambuliwa rasmi kwa watu: ganzi ya mikono na midomo, kupepesuka, macho kuona mbele tu, ulimi kuwa mzito. Zaidi ya wagonjwa 2,200 walithibitishwa. Jambo lililowashtua madaktari zaidi ni akina mama waliokuwa na dalili chache, au hawana kabisa, kuzaa watoto wenye ulemavu mkubwa. Methilizebaki huvuka kondo la nyuma, na ubongo unaojengwa hauwezi kujikinga.

Kiasi kilichomo katika samaki wa kawaida wa sokoni hakikaribii cha Minamata. Kinachohofiwa ni athari ndogo zaidi kwenye akili na lugha ya mtoto.

Kadimi, metali nyingine yenye sumu, ni habari nyingine: hukaa zaidi kwenye matumbo ya pweza na ngisi na kwenye uji wa kahawia wa kichwa cha kaa, kwa hiyo vitupwe. Ikishaingia kwenye figo za binadamu hukaa miaka 10 hadi 30. Arseniki ya samaki, ingawa jina linatisha, kwa sehemu kubwa ni ya aina isiyodhuru.

Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo waachane na papa, nduaro na jodari wakubwa; badala yake wawe wanakula dagaa, vibua, tasi au changu mara mbili au tatu kwa wiki. Zebaki iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu kila baada ya siku 50 hivi, kwa hiyo anayepanga kushika mimba abadilishe samaki miezi kadhaa kabla.